Mwenyekiti wa Magari Matano

Katika miaka sita niliyomfahamu Mwenyekiti, sikumwona akianza jambo lolote kabla ya kuuliza kama akidi imetimia. Akidi yetu ilikuwa watu wanne. Tulikuwa na magari matano ya kulala, na kila baada ya miezi mitatu tulikutana nayo kwenye ufuko mmoja ulio mwendo wa saa tatu kusini mwa Sydney, mahali ambapo wenye magari kama yetu huenda ili wasiambiwe na mtu cha kufanya. Wenzetu wakifika hutandika taulo, hufungua bia, huanika migongo juani. Sisi tulifungua kikao.

Kikao kilianza kwa sala. Kikafuata kusomwa kwa kumbukumbu za kikao kilichopita, kisha yatokanayo, kisha ajenda za siku, kisha mengineyo. Tulikaa kwenye viti vya kukunja kwa nusu duara, tukiwa tumeipa mgongo bahari ile ile tuliyoifuata kwa saa tatu, kwa sababu Mwenyekiti aliamini kuwa mjumbe anayetazama mawimbi hapigi kura vizuri. Yeye peke yake ndiye aliyekaa akitazama majini. Nilipomuuliza kama hiyo ni haki, alinijibu kwa Kiswahili chake cha Bukavu, "Mimi sipigake kura, Katibu. Mimi minaongozaka."

Katibu ni mimi. Cheo hicho sikukipata kwa elimu. Shule niliiacha kidato cha pili, Morogoro, siku niliyoona lori limesimama nje ya lango na dereva akaniambia anakwenda Tunduma. Nilitaka tu kuona Tunduma ikoje. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitaka kuona mahali fulani pakoje, mpaka nikajikuta Auburn, magharibi mwa Sydney, mchana napanga maboksi kwenye ghala, usiku nalala ndani ya gari langu nyuma ya duka la nyama. Asubuhi moja mama mfupi, mnene, mwenye kitenge cha kijani, aligonga kioo.

"Unalalaka humu?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Uko na kalamu?"

Nikamwonyesha kalamu.

"Na daftari?"

Daftari nilikuwa nalo, maana nina tabia ya kuandika kila neno jipya ninalokutana nalo. Mama yule akaligeuza mkononi kama anayenunua samaki, akanirudishia, kisha akamgeukia mwanamke mrefu aliyesimama nyuma yake.

"Makamu, tumepata Katibu."

"Aki Mama, hata jina hujamuuliza!"

"Jina atatuandikia."

Huyo Makamu alikuwa nesi, Mkenya, mkazi wa Toongabbie, kitongoji kingine cha Sydney. Alinunua gari la kulala baada ya miaka mingi ya zamu, ili awe na mahali pamoja duniani ambapo simu ya kazini haishiki mtandao. Magari mawili yaliyobaki yalikuwa ya ndugu wawili Warundi, wapole mno, waliounga mkono kila hoja, hata zile zilizopingana. Hao ndio Umoja wa Wenye Magari ya Kulala, na yule mama wa kitenge cha kijani ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wake tangu kabla sijajiunga. Uchaguzi ulifanyika kila mwaka. Mgombea alikuwa mmoja.

Gari lake lilikuwa la kusambazia mikate kabla halijawa lake, na jua likilipiga paa lilirudia kunuka mkate, hata ukaona njaa katikati ya kikao. Ndani alikuwa ameweka kitanda, jiko la gesi, mapazia ya kitenge, na picha ya kanisa alilobatiziwa. Mtoto wake wa kiume ana nyumba nzuri pale Auburn, na ndani ya nyumba hiyo kuna chumba kilichoandaliwa kwa ajili yake, kina kabati na televisheni. Mwenyekiti alikitumia kuhifadhia unga. Yeye alilala ndani ya gari, mbele ya nyumba, hatua kumi kutoka mlangoni kwa mwanawe. Mkwewe aliona aibu kwa majirani.

Nilimuuliza mara moja kwa nini hataki chumba. Hakunijibu kwa hotuba, na yeye hotuba alizipenda.

"Tangu nilitoka kwetu, kila nyumba nilipewa na mtu," alisema. "Hema nilipewa. Fleti ya kwanza hapa nilipewa. Ile chumba pia napewa. Hii gari nilijipa mimi."

Kwa hiyo kitu alichokiogopa kilikuwa kimoja tu. Hakuogopa nyoka, wala polisi, wala zile ndege nyeupe kubwa zinazopora mkate mkononi. Aliogopa kunyang'anywa leseni. Gari lisiloendeshwa, alisema, ni chumba kingine tu.

Na hapo ndipo uongo wake wa zamani ulipomfuata. Kambini, alikokaa miaka mingi kabla ya kuletwa Australia, kulikuwa na mistari miwili ya unga: mmoja wa watu wote, uliozunguka hadi nyuma ya choo, na mmoja wa wazee, wa watu kumi na wawili. Karani alipomuuliza umri, alijiongezea miaka saba pale pale. Karani akamtazama, akatazama mstari mrefu, akaandika. Miaka ile saba ikaingia kwenye kila karatasi iliyofuata, ikapanda naye ndege, ikatua naye Sydney. Sasa huku, dereva akifikisha miaka sabini na tano anatakiwa kupeleka fomu ya daktari kila mwaka ili aendelee na leseni. Siku barua ya kumtaka apimwe ilipofika, Mwenyekiti aliichukulia kama tusi.

"Sina sabini na tano! Niko na sitini na nane. Ile saba ni ya foleni!"

"Mama," mwanawe akasema, "unataka niwapigie serikali niwaambie ulidanganya?"

"Bambie ni karani alikosea."

"Karani yule hata jina lake hatulijui."

"Basi iko rahisi kumsingizia."

Alikuwa hivyo. Mtu mkali kuliko wote kuhusu ukweli, mpaka ukweli huo umguse yeye. Kwenye kumbukumbu hakuruhusu kuandikwa "watu wengi walihudhuria" kama walihudhuria watano. Lakini kwenye karata aliiba waziwazi, akificha shupaza chini ya paja, na ukimshika anasema alikuwa anapima kama uko macho. Alitukataza kula vya makopo kambini kwetu ufukweni, akapika bukari, yaani ugali, na sombe, ile ambayo kwetu tunaiita kisamvu, akitwanga karanga zake mwenyewe kwenye kinu alichokifunga mkanda wa kiti cha mbele kama abiria. Siku Makamu alipofungua kabati lake kutafuta chumvi, yalidondoka makopo kumi na nne ya dagaa.

"Mama! Hizi nazo?"

"Ni za dharura."

"Dharura gani kumi na nne?"

"Weye ni nesi. Hujui dharura?"

Aliipenda bahari kwa mapenzi ya kuiangalia tu. Maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu alirudi nyuma na kuyakemea. Alisema maji yasiyo na ng'ambo inayoonekana hayana adabu. Lakini gari lake lilazimika kupaki mbele kabisa, tairi kwenye mchanga mkavu, na wote tulishuka kumwelekeza kwa mikono na sauti, mmoja kila pembe: "Njoo Mama, njoo, njoo, kata kushoto, simama!" Wapita njia walidhani tunaleta meli gatini. Mimi nilidhani ni madaha ya cheo, nikayafurahia.

Uongozi wake ulimtisha hata asiyehusika. Mara moja askari wa hifadhi, kijana mwenye kofia pana, alikuja kutuambia gari moja limepanda majani. Tulikuwa kwenye yatokanayo. Mwenyekiti akainua mkono bila kumtazama. "Makamu, mwambie hiyo ni mengineyo."

Makamu akamtafsiria, uso mkavu kabisa. Kijana akacheka, akaona hatucheki, akasimama. Mmoja wa Warundi akampa kiti. Alikaa dakika arobaini, akasikia ripoti ya mapipa ya maji, ripoti ya maombi ya mgonjwa wa Toongabbie, na mjadala mrefu kuhusu kama muziki uruhusiwe kabla ya kikao au baada tu. Zamu yake ilipofika alisimama, akavua kofia, akaeleza hoja yake kwa heshima. Gari likasogezwa kwa kura zote za ndiyo. Kabla hajaondoka alikula sahani mbili, na tangu hapo akija hakuja bila kuuliza tumefika ajenda namba ngapi.

Wamexico tuliwapata kwa njia kama hiyo. Walikuwa mke na mume, vijana, wenye gari kuukuu kuliko yetu yote, na kwa kuwa ufuko ulijaa waliomba kupaki karibu nasi. Jioni ya kwanza yule mume alitueleza jinsi walivyoishi miezi minne ya baridi kwenye ufuko wa kwao: magari thelathini yamepangana mchangani, mtu akirudi na samaki wanaliwa na wote, meza moja ndefu ya mbao zilizookotwa, mbwa asiye na mwenyewe anayelala kila siku chini ya gari jingine. Makamu alitafsiri kutoka Kiingereza, na mimi niliandika kila kitu, kwa sababu sijawahi kusikia mahali nisitake kupaona.

Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho. "Muulize nani anaongoza."

"Anasema hakuna."

"Magari thelathini?"

"Thelathini."

"Hata kakamati kadogo?"

"Anasema hata hako hakuna, Mama. Kila mtu anafanya anavyotaka."

Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Hao batu banahitaji sisi."

Ndivyo Safari ya Mexico ilivyoingia kwenye ajenda. Namba saba. Hakuna kati yetu aliyejua magari matano yangevukaje Bahari ya Pasifiki, lakini ndugu wa Kirundi waliunga mkono mara moja, na kwenye kila kikao nikaandika: Safari ya Mexico, inaendelea kujadiliwa. Wamexico wenyewe walipewa hadhi ya waangalizi, bila kura, na hawakukosa kikao hata kimoja mwaka ule. Nadhani hawajawahi kuona kitu cha kuchekesha kama sisi, na hawakucheka hata mara moja mbele yake. Hilo niliwapendea.

Sasa niseme nililoliona polepole, kama anavyoona mtu asiyetaka kuona.

Miaka miwili ya mwisho Mwenyekiti alibadili taratibu kadhaa. Kura za kunyoosha mkono zikafutwa. Kila mjumbe aseme "ndiyo" au "hapana" kwa sauti. Kila kikao kikaanza na kuita majina, ingawa tulikuwa watano na tumekaa magoti kwa magoti. Kumbukumbu hakuzisoma tena kabla ya kusaini. Niweke kidole mahali pa sahihi, naye anafuata kidole. Siku moja nilikosea, nikaweka kidole kwenye ukurasa wenye orodha yangu ya majina ya ndege wa Australia. Akasaini. Nikafunga daftari. Nilijiambia kila kiongozi mkubwa anasaini bila kusoma.

Halafu ikaja Jumapili ya kiti.

Ilikuwa saa sita mchana, tunafunga vitu tuondoke. Yule mke wa Kimexico alikuwa amekaa nyuma ya gari la Mwenyekiti, kwenye kiti cha plastiki chekundu, beseni la machungwa mapajani, anamenya. Akakumbuka chumvi, maana kwao machungwa huliwa kwa chumvi na pilipili. Akaweka beseni chini, akainuka, akaenda kwenye gari lao hatua nne. Mwenyekiti, aliyekuwa tayari kwenye usukani, akarudisha gari nyuma. Hakungoja kuelekezwa. Tulisikia kiti kikipasuka, halafu beseni, halafu jiko lao la gesi lililokuwa kando yake. Machungwa yalitawanyika mchangani.

Mwenyekiti akashuka. "Nani aliweka kiti hapa?"

"Mama," Makamu akasema taratibu, "hicho kiti kimekuwa hapo tangu Ijumaa."

Yule binti alikuwa amesimama na kopo la chumvi mkononi. Alianza kucheka. Alicheka kama dakika moja, kisha akakaa chini mchangani, na mumewe akamshika mabega. Mwenyekiti alikwenda akapiga magoti mbele yake, akamfuta uso kwa kitenge, akimwita mtoto yangu, mtoto yangu. Kisha akasimama, akajipangusa mchanga, akanitazama. Alitazama kushoto kwangu kidogo.

"Katibu, andika. Kiti kimoja cha waangalizi kiliharibiwa na upepo."

Siku hiyo hapakuwa na upepo hata wa kupeperusha karatasi. Niliandika hivyo hivyo. Zisome kumbukumbu zile leo, utayakuta.

Barua ya leseni ilikuja wiki tatu baadaye. Baada ya ule ugomvi na mwanawe kuhusu miaka ya foleni, Mwenyekiti aliniita Auburn, akanikalisha ndani ya gari lake, akafunga mlango na mapazia.

"Kwa daktari kuna ubao wa herufi," alisema. "Wanakusimamisha mbali, banasema soma. Weye uko na kalamu."

"Mama, unataka nikanakili ubao?"

"Ninataka maandalizi. Mwenyekiti haingiake kwenye kikao bila kupitia ajenda."

Nilikwenda. Nilijipa kikohozi, nikakaa kwenye viti vya kusubiria, na ubao ulikuwa pale pale ukutani kwenye korido, herufi moja kubwa juu, nyingine zikipungua kuelekea chini kama watu wanaoondoka. Nilizinakili zote kwenye daftari. Tatizo la kikohozi cha uongo ni kwamba daktari anakiamini. Akanipima kifua, akanipima hiki na kile, akaninyanyulia nyusi. Niliingia na kikohozi ambacho sikuwa nacho, nikatoka na presha ambayo sikujua ninayo. Vidonge hivyo nameza mpaka leo.

Jioni hiyo nilikaa kwenye gari langu kuandika nakala safi. Niliandika mistari ya juu. Nikafika katikati nikasimama. Akilini nilimwona yule binti akitembea hatua nne kwenda kuchukua chumvi. Nilijiuliza ingekuwaje kama kwao wangekula machungwa matupu, kama sisi.

Ningeweza kwenda kwa Mwenyekiti nimwambie: Mama, huoni, wacha usukani. Ilikuwa mwendo wa dakika tano. Lakini ukimwambia mtu neno kama hilo usoni, lazima ubaki pale baadaye, na mimi kubaki baadaye sijawahi kukuweza. Kwa hiyo nikachukua herufi za mistari mitatu ya chini nikazibadili. Niliweka nyingine kabisa, kwa mwandiko mzuri, mwandiko bora kuliko wote niliowahi kuandika. Asubuhi nikampelekea. Aliishika karatasi, akaipapasa kama kitambaa, akaikunja mara nne, akaiingiza kifuani.

"Asante, mtoto yangu. Nitaisoma nyumbani."

"Hapa si ndiyo nyumbani, Mama?"

"Nitaisoma peke yangu."

Alhamisi Makamu alinipigia. "Amefeli. Daktari amekataa kusaini ile fomu. Wah, hataki kuongea na mtu yeyote, amejifungia kwa gari. We njoo uongee naye, wewe anakusikiza."

Nilimwambia nitakuja. Usiku ule nilikuwa njiani kuelekea kaskazini.

Nilichuma ndizi Queensland. Nilichuma machenza. Niliosha vyombo kwenye hoteli ya barabarani ambako mwenye hoteli anafuga ngamia. Nilijifunza majina mengi na sikuwa na kikao cha kuyaandikia. Simu ya Mwenyekiti ilipiga mara kadhaa, nikaiangalia inavyotetemeka mpaka inyamaze. Makamu aliandika: Mama anauliza Katibu ako wapi. Baada ya miezi mitatu aliandika tena. Kisha akaacha. Nilijua nimemnyang'anya mtu kitu pekee alichojipa mwenyewe, na kwamba nilifanya hivyo kwa mwandiko mzuri. Kila nilipojiambia kuwa nimeokoa maisha ya watu, swali moja lilinirudia: mbona basi umekimbia?

Mwaka na miezi miwili ilipita. Mwezi uliopita nilirudi Auburn.

Gari lilikuwa pale pale mbele ya nyumba, limeoshwa, tairi zimejazwa upepo. Mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wake wa pembeni anachambua mboga. Nikasimama mbali.

"Shikamoo, Mama."

Aliinua kichwa akanitazama. Alinitazama mimi hasa, kuanzia nywele kushuka mpaka viatu na kupanda tena, nami nikahisi kama sijawahi kutazamwa.

"Kumbe uko na mvi!" akasema.

"Nilikuwa nazo, Mama."

"Na pua namna hii? Miaka yote hii?" Akacheka mpaka mboga zikamwagika. "Njoo, keti. Banitoa mtoto wa jicho. Hili la kuume. La kushoto niko kwenye orodha, ni mwezi ujao. Eh, Katibu! Nimeona mambo. Nyumba ya mtoto yangu ni chafu, we unajua? Pembe zote! Na Makamu ni mzuri sana wa sura. Juu ya nini hakuna aliniambia?"

Nilikaa. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu Queensland, na nilipofungua mdomo yeye akainua mkono, ule ule aliomwinulia askari wa hifadhi. Akaingiza vidole kifuani akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Hii ulinipa weye."

"Ndiyo, Mama. Nilitaka nikuambie—"

"Siku ile sikuisoma. Niliona karatasi nyeupe tu. Ningemwomba mtu anisomee, ningekuwa nimekwisha." Aliinyoosha juu ya goti. "Daktari akasema soma. Nikamwambia, daktari, juu kuna herufi moja, chini yake kuna sisimizi. Akaandika barua niende kwa watu wa macho."

Sikuelewa mara moja. Nilikaa pale na hatia ya mwaka mzima na miezi miwili, hatia niliyoilisha na kuibeba kama mzigo wa mtu, na karatasi yenyewe haikuwa imesomwa na mtu yeyote.

"Kwa hiyo... herufi zangu..."

"Sikuzitumia. Lakini sasa niko na jicho." Akagonga karatasi kwa kidole. "Wiki iliyopita nilirudi kwa daktari, nikasimama kwenye ubao na hii mkononi. Mistari ya juu, sawa. Ya chini mitatu, hapana. Ulikosea ao ulitaka?"

Nadhani ningeweza kusema nilikosea. Aliniachia mlango huo wazi, na shule niliyoiacha ilikuwa sababu ya kutosha.

"Nilitaka."

"Juu ya kile kiti?"

"Juu ya kile kiti, Mama."

Alirudia kuchambua mboga. Alichambua tawi zima, jani kwa jani, sasa akiona kila jani, akitupa yenye matundu. Ndani ya nyumba mkwewe alikuwa anapiga mashine ya kusafisha zulia, na nilijua ni kwa amri ya nani.

"Kunidanganya," alisema mwisho, "sawa. Mimi nilimdanganya karani, nikala unga. Na ule upepo tuliuandika wote wawili. Lakini ungeleta ile hoja mbele yangu, Katibu. Ungesema, Mama, hauoni. Ningepiga kelele, ningekutukana weye na Tanzania yako yote. Halafu ningeiunga mkono." Akatikisa tawi. "Weye ukapiga kura peke yako ndani ya gari, ukakimbia. Nilifeli siku ile, nikatoka, nikamtafuta mtu mmoja wa kumwambia ninaona sisimizi. Nikapiga simu."

Nilisema samahani, na lilikuwa neno dogo mno, nikalisema tena.

"Toka leo wewe si Katibu."

"Sawa, Mama."

"Makamu anaandika. Anaandika vibaya, lakini anapokeaka simu."

"Sawa."

"Weye ni dereva. Mpaka jicho la pili na fomu." Akasimama, akakung'uta kitenge, akanirushia funguo bila kuangalia kama nitazidaka. "Twende sokoni, karanga zimekwisha. Na kinu usikiguse, kiko kwa mkanda wake. Mimi nitakaa katikati."

Nikaingia upande wa usukani ambao sikuwahi kuruhusiwa kuukalia. Kiti kilikuwa kimevutwa mbele kwa ajili ya miguu mifupi, magoti yangu yakagonga. Nikawasha. Jua lilikuwa limelipiga paa asubuhi nzima, harufu ya mkate ikatujia. Yeye akaegemea mbele, mikono miwili kwenye dashibodi, akisoma kwa sauti kila kibao kilichopita: jina la mtaa, kinyozi, kikomo cha mwendo, unazidisha, punguza. Nilipunguza. Nilimwambia hakuna haja, barabara ni tupu.

"Simama!"

Nikakanyaga breki. Kutoka katikati ya magari mawili yaliyopaki, mzee mmoja aliyebeba gunia la viazi aliingia barabarani bila kutazama, akapita mbele yetu polepole, akavuka.

Nilikuwa sijamwona.